Delbert Vrana na Mdakaji wa Novohrad

Mchana Delbert Vrana alikuwa fundi wa pampu za visima, akizunguka mashamba ya ng'ombe ya Novohrad, mji mdogo wa Texas, na pikapu yake iliyojaa vumbi na spana. Jioni, kuanzia Februari hadi Mei, alikuwa mtu mwingine. Alikaa nyuma ya wavu wa uwanja wa besiboli wa shule ya sekondari, saa ya kubonyeza mkononi, daftari gotini, akiwatazama watoto wa watu. Chuo kimoja cha kaskazini mwa Texas kiliyaamini macho yake. Akisema "huyu njooni mumwone," kocha wa chuo alikuja. Akinyamaza, hakuja mtu.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekipelekea chuo kile vijana kumi na mmoja, na hata mmoja hakuwa mdakaji. Hilo lilimkaa moyoni, maana yeye mwenyewe ujanani alikuwa mdakaji. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya kinyago cha chuma, akipokea mpira unaokuja kama jiwe la kombeo, mara mia na zaidi kwa mchezo mmoja. Ndiyo kazi iliyomwachia Delbert vidole vya mkono wa kulia vilivyopinda kila kimoja na njia yake, mfano wa tangawizi. Jumapili mkewe Lorraine ndiye aliyemfunga vifungo vya shati la kwenda kanisani.

Na kulikuwa na lile jingine, ambalo hata Lorraine hakuwa ameambiwa lote. Mwaka wake wa mwisho wa kucheza, Delbert aliamka kwenye basi la timu asijue anakwenda wapi wala ametoka wapi. Alikaa saa nzima akitabasamu ili wenzake wasijue. Tangu hapo, mara moja moja, taa kali ilimwuma machoni, na maneno aliyoyajua tangu utoto yalimponyoka. Alimshukuru Mungu kwamba hayakuzidi, akafunga mdomo. Watu wa Novohrad ni wa hivyo. Mtu hulalamikia mvua na bei ya ng'ombe, mwili wake hausemi.

Delbert alimwona Garrett Kubena kwa mara ya kwanza kijana akiwa na miaka kumi na minne, mrefu, mwembamba, magoti yakigongana. Mshindani alipotimua mbio kuiba kituo cha pili, yaani kukifikia kabla ya mpira, yule mtoto aliudaka mpira na kuutupa kule. Delbert alibonyeza saa yake: sekunde mbili na nukta nne. Kwa kipimo hicho hata bibi yako anaiba kituo na kikapu kichwani. Lakini miguu! Ilijipanga yenyewe kabla mpira haujafika, kama miguu ya mtu anayecheza dansi aliyofundishwa na mama yake. Delbert aliandika neno moja daftarini: "Ngoja."

Akangoja. Mwaka uliofuata ikawa mbili na nukta mbili. Mwaka wa tatu, mbili kamili. Glovu ya kijana ilitulia. Mpira ukija pembeni kidogo aliupokea taratibu, mwamuzi akadhani umepita katikati. Mpira ukigonga udongo mbele yake hakuugombania kwa mikono kama wadakaji wavivu, aliangukia magoti na kuuzuia kwa kifua. Baada ya mazoezi, wenzake wakienda kula mkate na soseji kwenye duka la nyama la Marek, yeye alibaki na mrushaji wake Chuy Villarreal, wakitupiana mpira mpaka kiza kiingie. Wawili wale walikuwa pamoja tangu darasa la pili. Mama yake Garrett, Jolene, mjane aliyeuza soseji za kufukiza kwenye duka hilo, alikuwa akipita kumchukua akiwa bado na aproni.

"Bwana Vrana," alimwuliza jioni moja, "umeandika nini humo leo?"

"Hali ya hewa, Jolene."

"Mwaka wa tatu huu unaniandikia hali ya hewa."

"Na nzuri inakuja," alisema Delbert, na hilo lilikuwa neno kubwa, maana mtafuta vipaji hamwambii mzazi alichoandika, wala hampigii mchezaji makofi.

Mwaka wa nne, mwaka wa kumaliza shule, Garrett alitupa mpira kwa sekunde moja na nukta tisa. Delbert alipiga simu kaskazini. Kocha Haskell wa chuo akasema atakuja Ijumaa ya mwisho ya Aprili, na akiyaona yaliyosemwa, kijana atakuwa na nafasi yake, masomo na yote.

Basi ilikuwa wiki ya pili ya Machi. Mpigaji mmoja mwenye mabega ya fahali alizungusha gongo kwa nguvu zake zote, likauchubua mpira tu, ukaingia wote kwenye kinyago cha Garrett. Ule mlio Delbert aliujua, mkavu, mfupi, kama mlango wa stoo kufungwa na upepo. Garrett alipiga goti moja. Akakaa hapo. Mwamuzi akainama, wakasema neno, kijana akainuka na kuinua kidole gumba, watu wakashangilia. Lakini Delbert alikuwa amebonyeza saa bila kujua. Aliiangalia. Sekunde kumi na tisa.

Hakuandika kitu.

Baada ya hapo mipira ikaanza kumpiga kijana wa watu.

Ni hivi: mrushaji harushi apendavyo. Mdakaji ndiye humwambia, kwa vidole vilivyofichwa kati ya mapaja: kimoja mpira wa kasi, viwili mpira wa kupinda. Adui akiwa amesimama kituo cha pili anaviona vidole vile, basi mdakaji hutoa ishara nne mfululizo, na moja tu ndiyo ya kweli. Ipi, wanajua wao wawili. Mmoja akikosea, mdakaji anangoja mpira upinde chini, kumbe wa kasi unakuja juu, na hakuna mkono wa binadamu utakaowahi. Timu nzuri hukosea hivyo mara moja kwa mwezi. Garrett na Chuy walikosea mara mbili wiki moja, mara tatu wiki iliyofuata. Mpira mmoja ulimpiga Garrett bega. Mwingine koo. Mwingine kinyago, pale pale.

Na kosa, siku zote, ni la mrushaji.

"Chuy, nunua miwani!" walipiga kelele jukwaani.

"Hesabu mpaka nne, mwanangu! Hata kuku wa mama Hruby anaweza!"

"Unataka kumwulia Jolene mtoto?"

Chuy aliinamisha kofia, akajipiga kifua kuonyesha kwamba kosa ni lake. Kila mara. Upesi mno, Delbert aliona. Mtu aliyekosea kweli hushangaa kwanza.

Nyuma ya wavu Delbert hakuweza kuviona vidole. Mchezo uliofuata, dhidi ya Weldon Creek, alichukua darubini yake ya kuangalizia ndama, akazunguka uwanja mzima, akaenda kusimama nje ya ua wa mbali, anakoelekea mpira uliopigwa vizuri. Kwa watu wa besiboli, mwanamume mwenye darubini mahali pale ni mwizi wa ishara. Alvin Marek, mwenye duka la nyama, alimfuata huko akitafuna mbegu za alizeti.

"Del. Weldon Creek wanakulipa nini?"

"Nenda ukae, Alvin."

"Miaka sitini na mbili umeishi mtu safi. Sasa uzeeni unaiba vidole vya watoto?"

"Nimesema nenda ukae."

Marek alitema maganda karibu na viatu vya Delbert na kuondoka, na kabla mchezo haujaisha jukwaa zima lilikuwa limegeuza shingo. Delbert hakushusha darubini. Garrett alikuwa amepaka kucha rangi nyeupe ya mama yake, kama wadakaji wote wanavyofanya taa zikiwa hafifu, na kila kidole kilionekana kama chaki ubaoni. Mwanzoni mwa mchezo, kila adui aliposimama kituo cha pili, ishara ya kweli ilikuwa ya pili. Chuy alirusha ya pili, Garrett akapokea ya pili. Kisha, mzunguko wa nne, mpira ulimgonga kinyago kidogo tu, watu wengi hawakuona. Kuanzia hapo Garrett alitoa ishara nne na kungoja ya kwanza. Chuy alirusha ya pili, kama ilivyokuwa mapatano. Mpira ukamkuta kijana kifuani, glovu yake ikiwa chini, na uso wake, alipokigeuza kinyago pembeni kupumua, ulikuwa wa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kisha Chuy akajipiga kifua. Kosa langu.

Delbert alisema Baba Yetu mpaka katikati, asikumbuke kinachofuata. Akaanza upya.

Jumamosi alimkuta Chuy kwa mjomba wake, akiziba pancha za trekta.

"Ishara ya kweli ni ya pili," alisema Delbert.

Kijana aliendelea kusugua mpira wa tairi. "Sijui unasema nini, bwana."

"Ni ya pili, na wewe hujakosea hata siku moja."

"Kocha Brister amesema wewe unatuibia."

"Kocha Brister aje aniambie mwenyewe. Nakuuliza wewe. Tangu lini?"

Chuy aliweka msasa chini. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. "Ni ya pili tangu tukiwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Hatujawahi kuibadilisha. Akisahau, nasema nimekosea mimi. Ndivyo tulivyokubaliana, mpaka Ijumaa ipite. Mimi siendi chuo, bwana, mimi nabaki hapa na matairi. Wanitukane tu. Hainiumi."

"Mipira unayomrushia, Chuy. Nayo haimuumi?"

Chuy aliuokota msasa tena. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Najaribu kupunguza kasi. Ila nikipunguza, wanaipiga."

Delbert alikwenda kwanza kwa Brister, kocha wa timu ya shule. Kocha, mtu mnene mwenye sauti ya paroko, alimsikiliza amesimama. "Nimemmulika macho kwa tochi mimi mwenyewe," alisema. "Mtoto ni mzima. Mwenye tatizo ni yule Villarreal, na wewe na darubini yako. Baki nyuma ya wavu, Del." Kisha Delbert akaenda kwa Jolene, dukani kwa Marek. Ilikuwa saa za kufunga, moshi wa mwaloni umejaa mle ndani, na soseji zinaning'inia safu kwa safu. Alimweleza yote. Jolene aliendelea kufuta kaunta pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Juzi aliweka maziwa kwenye jiko la kuokea," alisema mwishowe. "Nikasema ni uchovu. Jumatatu aliacha gari likiunguruma usiku kucha. Nikasema ni kijana."

"Mpeleke kwa daktari, Jolene."

"Nikimpeleka, Ijumaa hachezi."

"Hachezi."

"Na huyo Haskell wako atarudi lini? Mwakani? Mwakani atakuwa anafukiza soseji hapa na mimi." Alimkazia macho. "Siku sita, Del. Nimewasha mishumaa kwa Bikira Maria kwa ajili ya siku sita tu. Wewe ulipigwa mipira miaka kumi, na bado unatembea, unafunga pampu, unakula."

Hapo ndipo Delbert angesema habari za basi. Ulimi ulimfikia menoni. Lakini mambo aliyoyafungia miaka arobaini yalikuwa yameota kutu, na mlango haukufunguka. Alisema tu, "Ndiyo, natembea," akavaa kofia. Mungu amsamehe, wengi wetu tumewahi kunyamaza katika saa kama hiyo na kuiita adabu.

Siku zile sita hewa ilikuwa nzito. Mawingu yalijikusanya kila alasiri upande wa pwani, rangi ya jeraha la kale, yakakataa kunyesha. Ng'ombe hawakutulia. Lorraine alimwona mumewe akisimama jikoni na kikombe kitupu.

"Una nini, mzee wangu?"

"Hali ya hewa."

"Hali ya hewa haijawahi kukunyima chakula."

Ijumaa Kocha Haskell alifika, mtu mpole, mwenye saa ya kubonyeza mpya, akakaa kando ya Delbert nyuma ya wavu. Jolene alikuwa jukwaani safu ya kwanza na rozari ndani ya ngumi. Mzunguko wa kwanza mwizi wa kituo alikimbia. Garrett alitupa, Haskell akabonyeza, akamwonyesha Delbert namba bila neno: moja na nukta nane saba. Alicheka peke yake kwa furaha, akaandika mistari mitatu. "Ulinificha huyu kwa muda mrefu," alisema. Delbert alihisi kifua kikimpanuka. Ndiyo, alikuwa wake. Mdakaji wake, mmoja, katika miaka kumi na tisa.

Mzunguko wa tano adui alifika kituo cha pili. Garrett alichuchumaa. Delbert hakuhitaji darubini tena, aliona kwa mabega. Kijana aliteremsha mkono, akatoa ishara, akasita, akauinua mkono mbele ya kinyago na kuvitazama vidole vyake mwenyewe, vile vyeupe, kama anavisoma. Kule juu ya kichuguu cha mrushaji Chuy alisimama na mpira. Hakurusha. Alishuka, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Akasimama tena. Watu wakaanza kumzomea.

"Rusha, Villarreal! Tuna kazi kesho!"

Delbert aliinuka. Mtafuta vipaji hasogelei wavu mchezo ukiendelea. Ni kama mtu kupanda altareni katikati ya misa. Alitia vidole vyake vilivyopinda kwenye matundu ya waya.

"Wendell," alimwita mwamuzi, ambaye walijuana tangu ujana. "Simamisha mchezo."

"Del, kaa chini."

"Mdakaji ameumia kichwa. Tangu Machi. Mwulize tuko mzunguko wa ngapi."

Uwanja wote ulisikia. Kocha Brister alitoka mbio akipiga kelele kwamba mzee huyu ni mwizi wa ishara, anataka kuwaharibia. Lakini Wendell Oakes alikuwa amekwisha kuinua mikono miwili. Alikivua kinyago chake, akamgeukia Garrett, akamwuliza kwa upole, kama baba.

"Mwanangu, tuko mzunguko wa ngapi?"

"Niko sawa, bwana."

"Sikuuliza hilo."

Garrett alimtazama Chuy. Wote waliona. Chuy alikuwa na mkono wake mtupu kando ya paja, na vidole vitano vingetosha. Miaka kumi walikuwa wameongea kwa vidole, nani angejua? Mkono ulianza kufunguka. Kisha Chuy aliuingiza ndani ya glovu, akaufunika uso wake na glovu ile, mabega yakatikisika.

"Wa pili," alisema Garrett. "Wa pili, bwana?"

Wendell alimshika mkono na kumtoa uwanjani. Haskell aliitia saa yake mfukoni, akakaa kidogo, akasema, "Pole, Delbert," akaondoka kabla mchezo haujaisha. Novohrad walifungwa. Jolene alipita mbele ya Delbert akiwa amemshika mtoto wake kiunoni, na hakumtazama.

Hospitalini walikuta ubongo umevimba, na damu kidogo mahali ambapo damu haitakiwi. Walimlaza siku tisa. Kuchuchumaa nyuma ya mpigaji, madaktari walisema, kumekwisha, maisha yake yote. Mengine hawakusema. Kama atasoma kitabu na kukikumbuka, kama taa zitaacha kumwuma, walisema tungoje, na ile "tungoje" ilikaa juu ya mji kama yale mawingu. Wengine walimwita Delbert mwokozi. Wengi zaidi waliacha kumwita wafungiwe pampu. Shutuma za wizi wa ishara zilisahauliwa na zikakumbukwa kila Weldon Creek walipotajwa.

Jumapili ya tatu ya Mei, baada ya misa, Jolene alimngoja kwenye ngazi za kanisa. Lorraine aliona, akatangulia kwenye gari.

"Daktari aliniuliza ilianza lini," alisema Jolene. "Nikasema wiki mbili hivi. Wewe ulimwambia Wendell tangu Machi."

"Wiki ya pili ya Machi."

"Uliona?"

"Niliona. Sekunde kumi na tisa alikaa chini. Nilikuwa na saa mkononi."

Jolene alihesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Wiki saba. "Na mimi ulikuja kuniambia siku sita kabla ya Ijumaa ile," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi ni mama, nilitaka asome. Nitajibu kwa Mungu. Wewe ulitaka nini, Del?"

Delbert alitafuta neno la kujikinga, na Mungu akamnyima. "Nilimtaka awe wangu," alisema. "Sijawahi kupeleka mdakaji. Na hicho kilichompata, mimi kilinipata nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nilikijua kilipoingia."

Upepo wa joto ulipeperusha karatasi za misa kwenye ngazi. Jolene aliubana mkoba kwapani. Kisha alionyesha kwa kidevu kule kwenye gari lake chini ya kivuli cha ukuta, ambamo Garrett alikaa na miwani myeusi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie yeye," alisema. "Yote. Na la kwako."

Delbert alishuka ngazi, akiwa ameshika kofia mkononi. Alifika upande wa dirisha, akainama. Kijana alimwona, kichwa kiligeuka kidogo, kikarudi mbele. Kioo hakikushuka. Delbert akaanza kusema hivyo hivyo.